Taa za Buluu za Salvatori

Spesi alinipigia simu nikiwa jikoni nachambua maharage. "Dati, kaa kwanza," akasema. "Nikae kitu gani, we sema tu," nikamjibu, maana Spesi tangu tukiwa wasichana hawezi kukupa habari bila kukuamrisha. Akavuta pumzi. "Salvatori ametutoka. Alikuwa anaumwa ini. Kesho wanamzika." Niliendelea kuchambua, nikawa natupa maharage mazima na kubakiza vijiwe, mpaka nilipoona mikono yangu inafanya nini. Akaniuliza kama nitakwenda kwenye ikiriyo, yale makusanyiko ya jioni nyumbani kwa wafiwa, ambako watu hukaa kwenye viti vya plastiki na mmoja mmoja husimama kueleza alimjuaje marehemu. "Nisimame niseme mimi ni nani, Spesi?" Mume wangu akauliza kutoka sebuleni nani amekufa. Nikamwambia mteja wangu wa zamani. Akasema pole, akaendelea kusikiliza taarifa ya habari. Nikafungulia bomba maji yatoke kwa nguvu, nikalia kwa ajili ya mtu ambaye sikuwa na ruhusa ya kumlilia.

Mwaka niliomjua Salvatori, mimi na Spesi tulikuwa tunapanga chumba kimoja Kimisagara, mtaa wa mji mkuu wa Wanyarwanda, kwenye anekse, vyumba vilivyoungwa nyuma ya nyumba ya Mzee Karoli. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, tumekigawa kwa pazia la maua: mbele viti na jiko la mkaa tunaloliingiza mvua ikinyesha, nyuma vitanda. Dari ilikuwa ya mikeka na ilipita moja kwa moja juu ya ukuta hadi kwa Mzee Karoli, kwa hiyo kila neno la kwao lilifika kwetu, na bila shaka la kwetu lilifika kwao. Tulijua lini mkewe amemnunia na lini wamepatana. Mzee alikuwa dereva mstaafu aliyekulia Bujumbura, mtu wa misa ya kwanza na kofia safi, na alitufanya sisi watoto wake bila kutuuliza. Spesi aliuza vitambaa sokoni. Mimi nilikuwa fundi umeme wa magari kule Gatsata, msichana peke yangu katika uwanja mzima wa wanaume. Nilikuja mjini na Kiswahili changu cha Kigoma, wenzangu wakawa wananicheka, "Huyu anaongea kama redio!" Wao walisema gari iko inakohoa, taa iko inagoma, nami baada ya miezi michache nikawa nasema hivyo hivyo, nikalala vizuri.

Salvatori alikuja kwa mara ya kwanza wakati wa mvua, na gari lake jeupe lililooshwa mpaka unaona aibu kuligusa. Kazi yake ilikuwa kubeba maharusi. Alikuwa amefungiwa taa za urembo, mikanda ya buluu chini ya gari kuzunguka pande zote, na nyingine za miduara mbele, na fundi aliyezifunga alikuwa ameshahama mji. Barabarani hakuziwasha, askari hawakuzipenda. Aliziwasha akikata kona kuingia kwenye uwanja wa ukumbi, bibi harusi akiwa ndani, jua limeshuka, na hapo wanawake wanapiga vigelegele kabla hata mlango haujafunguliwa. Au ndivyo ilivyopaswa kuwa. "Dada, hizi taa ziko na kichwa ngumu," akaniambia. "Nyumbani zinawaka. Hapa ona, zinawaka. Nikifika na bibi harusi, zinakufa. Jumamosi watu walinicheka, sha, mpaka mpiga picha." Alisema huku anacheka mwenyewe, na alikuwa na meno ya mbele yaliyoachana kidogo. Nikamwambia aache gari, nitazitazama. Akasema hapana, atakaa. Akageuza ndoo ya plastiki, akaikalia, akawa ananitazama ninavyotambaa chini ya gari lake kwenye matope, na mimi nikawa natambaa vizuri kuliko siku zote. Sijui kama kuna mwanamke mwingine duniani aliyewahi kujitahidi kutambaa vizuri, lakini mimi nilijitahidi.

Nilianza na fyuzi, kama kila mtu. Nzima. Nikabadilisha swichi, maana ile ya kwanza ilikuwa ya bei ya kutupa. Akarudi baada ya harusi iliyofuata: zimekufa tena. Nikaangalia masi, ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, nikakuta umebanwa na skrubu juu ya rangi. Nikamgombeza kana kwamba yeye ndiye aliyeubana, nikakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaufunga upya. "Sasa hazizimi hata uzitukane," nikamwambia. Akarudi. Zimezima mbele ya wazazi wa pande zote mbili. Nikaona maji yameingia kwenye mkanda wa nyuma, nikaukausha kwa jua, nikauziba. Akarudi. Nikabadilisha rilei, kile kidude kinachowasha taa kwa amri ya swichi. Akarudi. Nilikuwa na taa yangu ya kupimia, balbu ndogo ya kiashiria na waya mbili, niliyoitengeneza mwenyewe, na kila mahali nilipoigusisha iliwaka bila wasiwasi wowote. Mafundi wenzangu walianza kunitania, "Dati, taa iko nzima, mgonjwa ni dereva." Nikawatukana kwa Kiswahili cha redio, wakafurahi zaidi. Lakini moyoni nilikuwa nasema, zife tena Jumamosi, Mungu wangu, zife tena.

Kila aliporudi tulikula pamoja. Kulikuwa na mama mmoja juu ya barabara aliyeuza melanji, sahani moja yenye wali, ndizi, maharage, viazi, isombe, yaani kisamvu, na tambi, unajaza mara moja tu, na Salvatori alikuwa na ufundi wa kujenga ile sahani kwa viazi pembeni kama ukuta ili katikati paingie vitu vingi. Alinijengea na ya kwangu. Alikuwa anaongea kwa mdomo uliojaa, habari za maharusi aliowabeba: yule aliyelia njia nzima kwa sababu viatu vilikuwa vidogo, yule aliyeomba wasimame anunue mahindi ya kuchoma akiwa na shela kichwani. Nilimuuliza siku moja, "Na wewe utabeba wako lini?" Nilisema kama utani, nikitazama chumvi. Akasema, "Mimi na wewe tutamaliza kwanza hizi taa." Mimi na wewe! Nilirudi na maneno hayo Kimisagara, nikampa Spesi, Spesi akayageuza huku na huku kama kitambaa sokoni, akasema, "Yako sawa, lakini hayana pindo." Nikanuna siku nzima. Leo ningempa Spesi haki yake, ila wakati ule nilimwona ana wivu.

Jumapili moja alikuja chumbani kwetu. Alileta samaki kutoka Bujumbura, mukeke waliokaushwa, na Spesi akawapika na nyanya, moshi ukajaa mpaka tukawa tunakula tunalia machozi na kucheka. Alikaa pale hadi mchana ukaisha, akamsalimia Mzee Karoli kwa mikono miwili, akaongea naye habari za mitaa ya Buyenzi, kule Bujumbura, walikokulia wote kwa vipindi tofauti. Alipoondoka tukasikia kupitia darini, mke wa mzee anauliza, "Huyu ndiye?" na mzee anajibu, "Ni kijana wa adabu. Ngoja tuone kama ana wazee." Nikajifunika blanketi usoni kwa furaha. Sikuwahi kushikwa mkono na Salvatori zaidi ya pale aliponivuta kutoka chini ya gari, na kila mara alichelewa kuuachia. Mtu akiniuliza ushahidi wangu ulikuwa nini, ni huo: viazi vilivyojengwa, samaki, na mkono uliochelewa. Mwanamke wa umri wangu angecheka. Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilishiba kwa hayo.

Kisha akaja siku moja katikati ya wiki, gari halina tatizo lolote, akasimama bila kukaa kwenye ndoo yake. "Jumapili baba mdogo atakuja kwenu," akasema. "Usiende popote. Atakueleza yote. Mimi sitakuwepo." Nikahisi masikio yananiwaka. Kwa Wanyarwanda, posa haianzi na kijana. Wanatangulia wazee wake, wanakuja na kinywaji, wanazungumza kwa kuzunguka, wanaita gufata irembo, kushika lango, na kijana mwenyewe hatakiwi kuonekana. Sasa mtu akikwambia baba yake mdogo anakuja Jumapili na yeye hatakuwepo, wewe ungeelewa nini? Mimi, Mnyarwanda niliyekulia ng'ambo Kigoma, nilikuwa nimejifunza mila hizo kwa kusimuliwa, na waliojifunza kwa kusimuliwa ndio wanaozishika kwa nguvu zaidi. Nikamuuliza, "Ni jambo la heshima?" Akasema, "La heshima sana," na akatazama pembeni. Nikadhani ni haya.

Tulihangaika wiki ile, wacha kabisa! Mzee Karoli akakubali kukaa kama baba yangu. Tulimsikia darini anafanya mazoezi ya majibu, "Kwanza nitawakatalia kidogo, ndivyo inavyotakiwa, nisiwape kirahisi," na mkewe anamwonya asizidishe wakaondoka. Tukaazima viti kwa majirani na glasi kwa mwalimu mmoja wa mtaani. Spesi akanitolea sokoni kitambaa cha rangi ya zambarau, mke wa mzee akanifunga umushanana, ile nguo ya sherehe inayopita begani, akanipaka mafuta mikono kwa sababu mafuta meusi ya gari yalikuwa hayataki kutoka kwenye kucha. Msichana hakai na wageni siku hiyo. Nilikaa nyuma ya pazia la maua, kitandani, Spesi kanishika mkono, na wali wa pilau unapoa kwenye sufuria kubwa kwa sababu mgeni alichelewa. Tukasikia pikipiki mbili zinasimama, moja imembeba mzee na nyingine imebeba kreti ya bia. Spesi akanifinya mpaka nikaruka.

Alikuwa anaitwa Mzee Leonidasi, sauti nzito, ya pole. Alisalimia kila mtu, akauliza habari za mvua, akasifu nyumba, akasifu glasi za watu. Wakafungua chupa. Halafu akakohoa. "Siye tumekuja kuomba," akasema. Mzee Karoli alikuwa tayari: "Waombaji ni wengi mjini humu. Nyumba yetu hii haigawi ovyo." Nikasikia mkewe anacheka chini chini kwa kuridhika. "Ndiyo maana hatukuja mikono mitupu," akasema Mzee Leonidasi. "Katika nyumba hii kuna binti. Kijana wetu Salvatori kila siku anamsifu. Anasema hajaona mtu wa kazi na subira kama yule. Nikasema basi, mtu kama huyo haombwi kwenye simu, anafuatwa kwake na wakubwa." Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta kwa sababu ya poda. "Endelea, mzee mwenzangu," akasema Karoli, na sauti yake ilikuwa imeshalainika, amesahau kukataa. "Kijana wetu anaoa mwezi ujao," akasema Mzee Leonidasi. "Binti wa watu wa Kicukiro, anafanya kazi ofisini, watu wazuri. Bibi harusi atapanda gari hili hili la Salvatori, rafiki yake ataendesha. Na zile taa, unajua habari zake. Zikizima siku hiyo ni aibu ya ukoo. Tunamwomba huyu binti azitengeneze zisizime, na siku yenyewe awe karibu na gari. Huko tulikolelewa siye, hata ombi la kazi hulipeleki bila kinywaji."

Mkono wa Spesi ulikuwa umekufa ndani ya wangu. Nilisikia chupa ya Mzee Karoli inawekwa mezani, taratibu, na nikajua kwamba sasa anatafuta maneno ya kunifunika. Mungu ampe pumziko jema, aliyapata. "Mmefanya vizuri kuja kwa heshima," akasema. "Binti yetu ni fundi. Gari litawaka." Mzee Leonidasi akashukuru, akashukuru tena, halafu akasema, "Yuko wapi mwenyewe, nimpe mkono?" Ningeweza kukaa kimya pale nyuma. Spesi alikuwa anatikisa kichwa, usitoke, usitoke. Nikatoka. Nikasogeza pazia nikasimama mbele yake na zambarau yangu yote, na shanga, na poda iliyochimbwa na machozi, na yule mzee, ambaye hakujua lolote, nasisitiza lolote, akanitazama kwa furaha ya kweli. "Ah! Kumbe na wewe leo una sherehe?" "Ndiyo, mzee wangu," nikasema. "Nilikuwa natoka." Nikampa mkono wenye kucha nyeusi. Ikabidi nitoke kweli. Nilishuka hadi mfereji wa chini, nikasimama pale na umushanana wangu kati ya watu wanaojaza madumu, nikangoja hadi nikasikia pikipiki inaondoka.

Wali ule tuliugawa kwa majirani tulipowarudishia viti vyao. Jioni darini mke wa mzee akauliza, "Analia?" Mzee akasema, "Hapana, anaosha glasi." Halafu akasema tena, "Kijana hakuwahi kumtaja kwa watu wake, ila kama fundi." Hilo ndilo lililonimaliza. Si ile harusi. Ningeweza kuelewa binti wa ofisini, wazee wenye mipango yao, haya yote yapo. Lakini nyumbani kwao nilikuwa nasifiwa mezani kama fundi, mwaka mzima, na siku ya kuniambia ukweli alimtuma mzee asiyejua anabeba nini. Mwoga yule! Mungu amrehemu, na amsamehe kabla yangu, maana mimi bado. Spesi alitaka nilikatae gari. "Zizime huko huko mbele za watu," akasema. Nami nilijua sitaweza, na si kwa wema. Nilikuwa nataka aje.

Salvatori alikuja mchana mmoja, wenzangu wameenda kula. "Dati, mimi…" akaanza. "Zungumzia gari," nikamwambia. Nikatambaa, nikapima, nikatoka: zinawaka zote, kama kawaida. Nikakaa chini nikaegemea gurudumu, nikamuuliza kitu ambacho mwaka mzima, kwa upumbavu wa kupenda, sikuwahi kuuliza, kwa sababu aliponijia ilikuwa lazima awe wangu peke yangu na habari za abiria wake nilizitaka kwa kucheka tu. "Zikizima, gari linakuwa na nani?" Akafikiri. "Bibi harusi na msindikizaji wake. Nyuma." "Na ukija hapa?" "Niko peke yangu." Nikainuka. Waya wa kulisha taa zote, yule fundi wa kwanza aliupitisha chini ya kiti cha nyuma, nilishauona mara nyingi, ngozi yake nzima haina hata mkwaruzo. Lakini kiti hakikuwahi kuwa na mtu nilipopima. Kila tulipolijaribu gari nilikaa mbele, karibu naye. Kama chuma cha kiti kinaukandamiza, shaba inaweza kuwa imekatika ndani ya ngozi: pasipo uzito ncha zinagusana, mtu akikaa zinaachana. Nikaunganisha taa yangu ya kupimia kwenye mwisho wa waya, nikaipitisha juu ya kiti, nikafungua mlango wa nyuma, nikaingia.

"Washa, endesha," nikasema. Akashuka taratibu kuelekea Nyabugogo, mikono yote miwili kwenye usukani. Nilikaa kwanza nyuma yake, upande wa kushoto, maana huku usukani uko kushoto. Balbu ilikuwa inawaka mapajani mwangu, kadogo, kekundu. "Bibi harusi hukaa upande gani?" nikamuuliza. "Kulia," akasema. "Ndiko wanakofungulia mlango, kwa ajili ya picha." Nikasogea kulia, nikakaa vizuri, nikaegemea. Balbu ikazima papo hapo. Nikanyanyuka kidogo, ikawaka. Nikakaa, ikazima. Basi ni pale. Kazi ya kukata kipande cha waya na kuunganisha kingine, unamaliza kabla chai haijapoa, na baada ya hapo hakuna kitu kingemrudisha tena kwangu. Kiti kile kilikuwa laini, wamekitandika kitambaa cheupe tayari. Nikaona macho yake kwenye kioo. Nikafunika balbu kwa kiganja.

"Umepata?" akauliza.

"Bado," nikasema. "Zunguka tena."